Kigingi cha Jioni

Kila jioni, shule zikiwa zimefungwa, Chapuchapu alimshikia mama yake fimbo ya kupimia. Mama alikuwa mpima ardhi, na jina hilo la utani ni yeye aliyempa, kwa maana binti yake alikula haraka, akaoga haraka, na kufagia kwake kulikuwa ni kuhamisha vumbi tu. Juu ya fimbo palikaa kipokezi, kifaa cheupe cha kunasa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye setilaiti. Kikiyanasa vizuri, hukuambia umesimama wapi hasa, na hapo mama hupigilia kigingi. Mjomba, kaka yake mama, alifuata vigingi hivyo kwa sururu, akichimba mtaro wa bomba la maji. Ilikuwa lazima afuate, kwa sababu kando ya mtaro, chini ya udongo, ulipita waya mkubwa wa umeme.

Mama hakuwa na mchezo na kanuni moja: kigingi cha jioni hupimwa tena asubuhi. Alikwisha kumweleza Chapuchapu kwamba juu sana angani kuna tabaka liitwalo ionosfia, ambalo jua hulitia chaji ya umeme. Jua likizama, mara nyingine tabaka hilo huchafuka na kutokota kama uji jikoni. Mawimbi yakipita humo hucheleweshwa na kuyumbishwa, kipokezi kikadanganyika, na wala hakikuambii kwamba kimedanganyika.

Jioni moja kazi iliwachelewesha, vigingi vya mwisho vikapigiliwa giza likiingia. Kulipokucha bibi, aliyekuwa akiugua nyumbani, alizidiwa, na mama akalazimika kumkimbiza hospitali. Alimwachia Chapuchapu fimbo, akamwagiza apime upya kabla mjomba hajaanza kuchimba, na namba zikitofautiana, ang'oe kigingi.

Chapuchapu alipima vya karibu, vyote vikawa sawa. Vya mwisho vilikuwa ng'ambo ya dimbwi la tope. Aka! Kama hivi viko sawa, vile vitakosaje? Akarudi zake nyumbani. Mama alipopiga simu kuuliza kama amevipima vyote, alijibu bila kusita, "Vyote, mama."

Kabla ya adhuhuri sururu ya mjomba iligonga waya wa umeme.

Hakufa, lakini mikono yake iliungua vibaya, na mkono wa kulia madaktari wakamkata vidole vyote isipokuwa kimoja. Msimamizi wa kazi alitangaza kwamba mzee yule alichimba nje ya mstari kwa uzembe, na kwamba kazi hana tena. Mama naye alisadiki, maana alijua vigingi vimehakikiwa. Alimlaumu kaka yake palepale kitandani, kisha akatoka nje kulia. Chapuchapu alisikia yote. Bado hakusema ukweli.

Siku iliyofuata alipelekwa kumwona mgonjwa. Mjomba alijaribu kumchekesha, akasema ile methali ya kidole kimoja hakivunji chawa, sasa ataijaribu mwenyewe. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nadhani nilikosea mimi, mpwa wangu," alisema. "Macho yamezeeka. Kigingi nilikiona, lakini labda nilipinda."

Hapo Chapuchapu hakuweza tena. "Hukupinda, mjomba. Kigingi ndicho kilichokosewa. Sikukipima. Nilimdanganya mama."

Mjomba aligeukia ukutani. Mama, aliyekuwa mlangoni, hakumpiga wala hakumfokea. Alimwita msimamizi, wakaenda wote hadi ng'ambo ya lile dimbwi, na Chapuchapu akasimamisha fimbo huku tope limemfika magotini. Mchana ule anga lilikuwa limetulia. Namba zilionyesha kigingi kimesogea zaidi ya hatua moja kuelekea kwenye waya. Msimamizi alikiri kwamba mjomba hakuwa na kosa, na mama ndiye aliyesimamishwa kazi.

Jioni hiyo alimketisha binti yake.

"Ionosfia haina nia mbaya, mwanangu. Inachafuka, ndiyo maana tunapima tena. Mimi nilikosea kumwachia mtoto kazi ya mtu mzima, na adhabu yangu nimeipata. Lakini lile 'vyote' lako ndilo lililomruhusu mjomba wako ainue sururu. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya. Kuna mtu atasimama juu ya neno lako."

Mjomba aliporudi nyumbani, alikaa siku nyingi bila kumsemesha mpwa wake. Asubuhi moja alimwita amfunge vifungo vya shati, kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena. Chapuchapu alivifunga kimoja kimoja, taratibu, kisha akaanza upya kutoka juu, akikagua kila kimoja.