Reli ya Kilomita 214

Jumapili, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Mama Brigitte alifika kanisani kwao, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, nyundo ya kugongea kengele mkononi. Kengele haikuwepo. Ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono, kilichovushwa ziwa kwa boti kutoka Kongo na kutundikwa Krismasi iliyopita.

Saa mbili Sajini Tamara Chalwe wa polisi wa wilaya ya Nchelenge alikuta watu wamemzingira Dan, mnunuzi wa vyuma chakavu. Shati lake lilikuwa limeshachanwa.

"Njo yeye!" walifoka. "Nani mwingine anatakaka chuma?"

"Siyagusa, mama," Dan alimwambia sajini.

Msumeno wa chuma ulikutwa kwake. Saa nane gari lingempeleka mahabusu, na mkimbizi akishaitwa mwizi, kibali cha kutoka kambini kufanya biashara asahau.

Tamara hakupenda kuharakishwa na makelele. Aliukagua msumeno, meno yake yalijaa kutu. Akatazama boriti iliyobeba kengele. Bolti ilikuwa palepale, na nati yake imerudishwa kwa vidole mpaka mwisho. Mwizi gani huyo nadhifu? Chini, alama ya gurudumu moja la toroli ilielekea kwenye mihogo.

Brigitte alimwonyesha picha ya Krismasi kwenye simu. Ncha moja ya reli ilikatwa vizuri, nyingine ilivunjika vibaya. Karibu na mvunjiko palichongwa maandishi madogo: PK 214.

"Maana yake?"

"Uliza Baba Félix. Alitumikaka ku reli."

Saa saba mzee Félix alikuwa nje ya nyumba yake, akitengeneza toroli. Tamara alichutama kumsalimu, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

"Bashikulu, reli ya kwenu ilikuwa na kazi gani?"

Uso wa mzee ulichangamka. "Ilitukulisha! Tangu wakati ya Babeleji, inapeleka shaba, inaleta unga. Samaki ya hii ziwa ilipanda kamyo mpaka ku stesheni, kisha train, mpaka kwa bantu ya migodi."

Akiongea, alifungua gurudumu. Kila bolti aliyoitoa aliirudishia nati yake kwa vidole kabla ya kuiweka chini. Tamara aliona, na ikamuuma, maana alishampenda.

"PK ni nini?"

Mikono ya mzee ikasimama. "Namba ya kilomita."

"Kilomita 214 kuna nini?"

Mzee aliiweka bolti chini bila nati yake.

"Saa nane Dan anafungwa, bashikulu."

Félix aliinuka, akaongoza njia. Walipofika kanisani ilikuwa saa saba u nusu, na Dan alikuwa tayari na pingu.

"Muache huyu mutoto," mzee alisema. "Njo miye. Nilikuwa nakagua njia. Niliona ufa mu ile reli, nikaandika. Shefu akasema, andika iko bien, haina ufa, train haiwezi simama. Nikasaini. Kesho yake ikavunjika, train ikaanguka. Muke yangu Arlène alikuwa mule, na vikapu yake ya samaki."

Brigitte aliangusha nyundo.

"Bachunguzi ya ajali njo balichonga ile namba. Jana nilikuja kufagia, nikaisoma. Miezi yote hii inaniita, na miye nakuja kuomba!"

Reli ilifukuliwa kwenye tuta la mihogo, imelazwa juu ya mbao mbili, kama inavyolazwa kwenye njia ya treni. Wazee wa kanisa waliomba kesi ifutwe, lakini bila maelezo ya Félix, Dan asingefunguliwa. Tamara aliyaandika, akampa karatasi na kalamu.

"Saini hapa, bashikulu."

Félix aliisoma mara tatu, neno kwa neno. Ndipo akasaini.