Ngazi za Kumvusha Mama

Kwa maneno ya jirani Kurbonsho, gari la dereva wa kijiji cha chini lilidumbukia korongoni kwa sababu dereva mwenyewe aliondoka nyumbani akiwa amenuniana na mkewe.

"Ngazi za kuvukia alikuwa ameshaziweka vizuri juu ya korongo," Kurbonsho alisema, huku akichovya mkate kwenye chai ya maziwa iliyotiwa chumvi na siagi. "Gurudumu la mbele likapita. La nyuma likafika katikati. Kah! Ngazi ikakatika kama kijiti cha kiberiti. Gari likakaa matako chini, pua juu, kama punda aliyegoma. Ukisafiri na kinyongo, ndugu yangu, hata mbao zinakususa."

Shakarmo, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akimimina chai, kama ilivyokuwa kazi yake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alibaki ameshika birika. Ngazi inajuaje kwamba mtu amegombana na mkewe? Mwenye duka alikuwa amesema zilivunjika kwa sababu mti ulikatwa mwezi ukiwa mchanga. Mjomba Alifbek alisema zilikuwa fupi. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua lake. Kichwa cha Shakarmo kilivurugika kama uzi uliochezewa na paka.

Tena hakuwa akiuliza kwa udadisi tu. Mama yake, Bunafsha, alikuwa mjamzito, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Akisimama, kizunguzungu. Muuguzi wa kijiji alikuwa amesema waziwazi, "Huyu asijifungulie hapa. Apelekwe hospitali ya mjini, tena upesi."

Lakini tope la majira ya kuchipua lilikuwa limeporomoka kutoka mlimani na kuikata barabara kando ya mto. Watengeneza barabara wasingefika mpaka theluji iishe kuyeyuka. Baba yake Shakarmo, Mamadrahim, ambaye naye alikuwa dereva, alibaki na njia moja: kutengeneza ngazi mbili, moja kwa magurudumu ya kulia na moja ya kushoto. Angezilaza juu ya korongo, avuke, azivute, azifunge juu ya paa la gari, kisha azitumie tena kwenye korongo linalofuata.

"Tengeneza za chuma," mjomba Alifbek alishauri. "Vile vyuma vya nguzo ya umeme iliyoanguka vipo tu."

Walivijaribu. Wanaume wawili walikinyanyua kimoja hadi magotini, wakakiachia.

"Hizi si ngazi, hii ni adhabu," baba alisema akihema. "Tutavuka korongo moja, la pili litatukuta tumekufa mgongo."

Basi ikawa mipopla, miti mirefu iliyonyooka. Katika milima ile kila mtoto akizaliwa hupandiwa mipopla, ili akikua apate boriti za nyumba yake. Baba alikuwa na mbao za mpopla zilizokauka vizuri, za kujengea chumba kipya. Alizilaza mbilimbili, bapa, akapigilia vipandio juu yake.

"Tairi linataka kitanda kipana," alieleza.

Ilibaki kuzipima. Boriti ya paa ikipandishwa, wanaume wa kijiji husimama juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, wakakanyaga kwa pamoja. Ikinyamaza, husema amina, chakula kikaliwa. Basi ngazi ya kwanza ikawekwa juu ya mfereji wa maji uliopita uani, nao wanaume wakajipanga juu yake kama ndege juu ya waya wa umeme. Wakakanyaga. Ngazi ikanyamaza.

"Imekubali!" Kurbonsho akapiga kelele. "Imebeba kijiji kizima, ishindwe na gari moja?"

"Umeona, Shakarmo?" baba aliuliza kwa furaha. "Imekubali. Umeelewa?"

"Ndiyo, baba."

Hakuwa ameelewa. Kuna kitu hakikukaa sawa machoni pake, ila hakujua ni kitu gani. Alibeba sinia la mkate hadi ndani, akamkuta mama ameegemea mito. Mama alikuwa akijibonyeza mguu kwa kidole, na kila alipobonyeza palibaki shimo.

"Kesho nitapita juu ya mbao za baba yako," mama alisema akijaribu kutabasamu. "Wewe una nini? Mbona umekunja uso hivyo?"

"Nimesema ndiyo, mama, na moyoni si ndiyo."

"Basi nenda kaseme siyo, kabla watu hawajamaliza kula wakaondoka."

Shakarmo alitoka. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mkeka, wanatafuna na kucheka.

"Baba, sikuelewa. Nilisema ndiyo hivi hivi tu."

"Hukuelewa nini tena, wewe?" Kurbonsho alidakia. "Kila kitu kwa nini, kwa nini! Mwisho utamuuliza mbuzi kwa nini ana ndevu."

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Shakarmo yakawaka moto, lakini hakurudi ndani.

"Nyinyi mlijipanga kutoka mwisho hadi mwisho. Wengine mlikuwa mmesimama kwenye ukingo wa mfereji kabisa. Sasa gurudumu likifika katikati, si litakuwa limesimama pale pale na uzito wake wote? Au nimekosea? Mimi sijui. Ndiyo maana nauliza."

Baba aliutazama mfereji, kisha ngazi.

"Hata mimi sijui," alisema. "Boriti ya paa hubeba udongo uliotandazwa sawasawa. Ngazi nimeipima kama boriti." Akainuka. "Jamani, hebu simameni tena. Safari hii wote katikati."

Walijazana katikati ya ngazi kama kondoo waliokutwa na mvua, huyu amemkumbatia huyu.

"Unanikanyaga!" Kurbonsho alilalamika, maana yeye ndiye aliyekuwa katikati ya katikati. "Na wewe, umekula vitunguu vya nani?"

Ngazi ikatoa tumbo. Ikalia kidogo. Kisha, kah! Ubao ukapasuka, wanaume wakatawanyika, na Kurbonsho akaketi ndani ya mfereji, maji yakimfika kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama Bunafsha, aliyesimama mlangoni ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Na mimi na mke wangu hatujagombana," Kurbonsho alisema polepole, kutoka majini.

Hapo ndipo kicheko kilipowatoka.

Lakini kicheko hakikuunga ubao. Baba alishika kichwa. Chuma kizito, mbao zinavunjika; sasa kilichobaki ni nini? Mjomba Alifbek alikuwa akiuzungushazungusha ubao mwingine mikononi, mara bapa, mara ubavu.

"Shakarmo, lete rula yako ya shule," alisema.

Akailaza rula bapa, akaibonyeza katikati, ikapinda. Akaisimamisha kwa ubavu, akabonyeza tena kwa nguvu. Haikupinda hata kidogo. Akampa Shakarmo ajaribu, kisha baba, kisha Kurbonsho aliyekuwa akichuruzika maji.

"Mbao tulizilaza," baba akasema. "Zilitakiwa zisimame!"

Walitafuta ubao mwingine badala ya ule uliopasuka, wakazibomoa ngazi zote mbili na kuanza upya. Safari hii mbao zilisimama kwa ubavu, zikakazwa kwa bolti, na juu yake vikapangwa vipandio vya karibu karibu, ili tairi lipate kitanda chake. Shakarmo alishikilia nati wakati baba akikaza. Kila alipokuwa haelewi aliuliza, na baba alijibu, au alisema, "Ngoja, nami nifikirie." Zilipokamilika, wanaume walijazana tena katikati. Kimya. Kisha baba alipakia magunia ya unga garini na kulipitisha polepole juu ya mfereji, kwenda na kurudi. Ngazi hazikulia.

Asubuhi iliyofuata, kwenye korongo, mama alikuwa amelazwa kwenye godoro ndani ya gari. Baba alimvuta Shakarmo kando.

"Jana ulinitia aibu kidogo mbele za watu," alisema, "na ninakushukuru. Kutoelewa si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema 'nimeelewa' ili watu wasikucheke. Mimi na ndevu zangu nilisema imekubali kwa sababu wote walisema hivyo. Ungenyamaza, leo ningempitisha mama yako juu ya mbao zile."

Alipanda garini. Mjomba Alifbek alitangulia ng'ambo, akimwelekeza kwa mikono. Magurudumu ya mbele yakapanda ngazi, yakafika katikati, yakapita. Ya nyuma yakafuata. Shakarmo hakupumua mpaka yote manne yalipogusa udongo wa upande wa pili.

Walizivuta ngazi kwa kamba, wakazifunga juu ya paa. Upande huu walibaki Shakarmo na Kurbonsho, na kati yao na gari maji ya theluji yakinguruma. Injini ikawashwa.

"Baba!" Shakarmo aliita kwa sauti yake yote, mikono kando ya mdomo. "Hospitali wakisema jambo msilolielewa, ulizeni! Utauliza, baba?"

Gari lilikuwa limeshaanza kukata kona, na maji yalikuwa na kelele nyingi; Shakarmo hakujua kama baba alimsikia.