Kisima cha Sayari Nyekundu

Kornel alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza yake, kisogo kimepasuka, damu imeganda hadi kwenye nyaya. Kompyuta nyingine zote za chumba kile cha kukodisha kompyuta, mjini Nachingwea, zilikuwa salama. Yake tu ndiyo ilikuwa imefunguliwa, na diski iliyotunza kazi zake imeng'olewa.

Inspekta Sikuzani alichuchumaa kando ya maiti. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka 2008, na watu walishaanza kujazana barazani.

"Nani kamkuta?"

"Mimi, afande," alijibu Lukasi, mwenye chumba, mwanamume wa makamo. "Nimekuja kufungua, nikakuta mlango umerudishiwa tu. Hawa ni wezi."

"Mwizi gani anaacha kompyuta nzima nzima, anaondoka na diski?"

Lukasi alijisogeza barazani walikokuwa watu.

Daktari wa wilaya aliinuka akivua glavu. "Kapigwa na kitu kizito kutokea nyuma, akiwa ameketi. Hakuna dalili ya kupambana."

Basi alimpa mgongo mtu anayemwamini, aliwaza Sikuzani.

Ukuta wa pale ulikuwa umebandikwa vikaratasi tele. Kornel alikuwa akitengeneza gemu ya anga: mchezaji anarusha chombo, anatafuta sayari mpya. Vijana wa Nachingwea na Ruangwa waliokuwa wakiicheza walibandika pale mambo waliyotaka yaongezwe. Mmoja aliomba chombo kiwe na honi ya basi la Dar. Mwingine alitaka mvua inyeshe. Mwingine aliomba waruhusiwe kushuka na kutembea, "maana kukaa ndani tu kunachosha." Ombi moja lilirudiwa na wengi: tuweze kuchimba.

Chini yake Kornel alikuwa ameandika: Jumamosi mtachimba.

"Jumamosi ndiyo kesho," alisema Koplo Bilali taratibu.

Walikwenda Ruangwa kumwona Doreen, binti aliyechapa barua za watu katika duka la vifaa vya ofisi karibu na soko. Wachezaji walisema Kornel hakuongeza kitu bila yeye kukijaribu kwanza. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Dada, una nakala ya gemu?"

"Ninayo, kwenye flashi." Aliichomeka.

Kioo kikawa cheusi, kisha nyota zikatokea. Chombo kilishuka kimyakimya kwenye sayari yenye udongo mwekundu. Vilima vikajitokeza, kimoja nyuma ya kingine, na Sikuzani akasogeza uso karibu na kioo. Aliwahi kuviona.

"Hapa mbona kama Mbekenyera?"

"Ndipo, afande. Waliomba sayari moja ifanane na kwetu. Kornel amezaliwa kule, akaenda kupiga picha."

Katikati ya miti iliyokauka kulikuwa na duara la mawe, limejazwa mawe mengine hadi juu.

"Na hiki?"

"Kisima cha shambani kwa Lukasi. Kornel alikuwa akichota maji pale utotoni. Safari hii alikikuta kimefukiwa, akakichora hivyohivyo."

"Lukasi amekiona?"

"Jumatano, nilipokwenda Nachingwea kuijaribu. Alisimama nyuma yetu, akamwambia Kornel akitoe. Kornel akacheka. Akasema, 'Kaka, hapo ndipo watakapochimba.' Lukasi akatoka bila kuaga."

Bilali na Sikuzani walitazamana. Beatrisi, mke wa Lukasi, hakuwa ameonekana tangu 2004. Mumewe aliripoti kwamba amemfuata mwanamume Msumbiji, na jalada likafungwa.

"Hebu chimba," alisema Sikuzani.

Doreen alibonyeza. Inspekta alitazama kilichokuwa chini ya mawe yale, kisha akamwambia Bilali, "Sasa tukachimbe cha kweli."

Alasiri ile, kule Mbekenyera, polisi waliondoa mawe ya kisima halisi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwanza lilitoka pande la kitenge, kisha mifupa ya mkono, bangili ya shaba ikiwa bado inauzunguka. Dionisia, dada yake Beatrisi, aliitazama bangili ile, akaketi chini kwenye vumbi.

Nyumbani kwa Lukasi walikuta diski ndani ya gunia la ufuta, pamoja na nyundo yenye damu.

Lukasi alikamatwa, akahojiwa kituoni Nachingwea. Sikuzani alimweleza haki zake, akaweka bangili mezani.

"Unaitambua?"

Lukasi aliisukuma kando.

"Nani alimweka Beatrisi kisimani?"

"Alifunga mizigo yake," Lukasi alisema hatimaye. "Alitaka kurudi kwao Likunja. Kijiji kizima kingesema nimekimbiwa."

"Ukamuua."

"Nilimkaba. Nilitaka anyamaze tu."

"Na Kornel?"

Lukasi aliinua kichwa ghafla. Sauti ikawa ya mtu aliyeonewa. "Yule alijua, afande! Alikuwa ananitega. Kachora kisima changu, kafunika kwa mawe, halafu anawaita watoto wa watu waje kuchimba. Jana jioni nilimwomba tena akitoe. Akaniambia, 'Watakachokikuta humo watakishangilia.' Akageukia kompyuta yake. Nyundo ilikuwa pale."

"Hakujua."

"Alijua!"

"Nimeshuhudia kikichimbwa, kwenye gemu. Unajua kuna nini chini ya yale mawe?"

Lukasi aliegemea meza.

"Maji. Wachezaji walilalamika kwamba wanakufa kiu kabla ya kufika mbali. Akawawekea maji."

"Maji tu?"

"Maji tu."

"Angeniambia."

"Ulimuuliza?"

Nje, hakimu, aliyekuwa mlinzi wa amani, alikuwa amekwisha fika kupokea ungamo la Lukasi. Sikuzani alisikia viatu vyake vikikaribia, akainuka kumfungulia mlango.