Kompyuta Iliyokata Majina

Magreth na mumewe Ignas walikuwa na duka la kuchapa karibu na soko la Morogoro. Watu walileta barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule. Mvua iliposhuka kutoka milimani, wapita njia walijibanza humo ndani na kupiga soga mpaka ikatike.

Ignas alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wengi walipunguzwa, na Ignas alikuwa mmoja wao. Kwa kiinua mgongo chake alinunua taipureta. Biashara ikaenda. Mwaka 2004 wakaongeza kompyuta iliyotumika, pamoja na printa yake.

Jirani yao Yesha alikuwa na intaneti kafe mlango wa pili. Ndiye aliyewawekea programu za bure kwenye ile kompyuta. Akavuta na waya wa mtandao kutoka kwake, ukapita juu ya dari mpaka kwao.

Siku moja alifika Kristina, mama mmoja wa Kingolwira. Alikuja kuchukua kadi za misa ya arobaini ya baba yake. Alitoa kadi moja kwenye bahasha, akaisoma. Akairudia tena.

"Kuna nini, mama?" Magreth aliuliza.

Kristina alimpa kadi. Iliandikwa: Marehemu Mzee Andrea Ng.

"Baba yangu alikuwa Andrea Ng'umbi," Kristina alisema taratibu. "Alitoka Iringa kijana, akafanya kazi reli maisha yake yote. Hakuitwa Ng."

Magreth aliona aibu. Alifungua kadi nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa vilevile.

"Pole sana, mama. Kwenye kioo cha kompyuta jina lilikuwa zima. Lakini kosa ni letu, tulizifunga bila kuzisoma."

"Misa ni Jumamosi. Nitawapelekea watu hizi?"

"Hapana. Kaa hapa, tutazirekebisha sasa hivi," Ignas alisema.

Alishusha taipureta kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi. Magreth alichapa kadi mpya na kuacha wazi nafasi ya jina. Ignas akaandika jina kwenye kila kadi kwa taipureta. Kazi iliwachukua mchana mzima. Kristina alizisoma zote, akashukuru na kuondoka. Hakugomba, na hilo lilimwumiza Magreth zaidi.

"Tuiuze hiyo kompyuta," Ignas alisema. "Inatuaibisha."

"Tumwulize Yesha kwanza."

Yesha alikuja jioni. Aliandika Ng'umbi, akachapa. Ikatoka Ng. Aliandika ng'ombe, ikatoka ng.

"Inakata kuanzia kwenye ritifaa, hiki kialama cha juu," alisema. "Kompyuta yenu ni nzima, dada Magreth. Kasoro iko kwenye programu ya kadi."

"Basi walioitengeneza hawajali," Ignas alisema.

"Kaka Ignas, wako mbali. Labda kwao hakuna jina kama hili. Watajuaje kama hakuna aliyewaambia?"

"Tuwaambie vipi? Hatuwajui."

"Kuna chombo chake humuhumu kwenye kompyuta."

Yesha alifungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote.

"Hapa mausi haina kazi," alieleza. "Unaandika amri, unabonyeza enta. Chombo chenyewe kinaitwa reportbug. Kazi yake ni kupeleka taarifa za kasoro. Mara ya kwanza lazima ukitayarishe, kikufahamu. Andika reportbug, acha nafasi, vistari viwili, halafu configure. Baada ya vistari usiache nafasi."

Magreth aliandika polepole kwa kidole kimoja, ingawa kwa kawaida alichapa kwa vidole vyote. Maswali yakatokea kwenye kioo.

"Kinauliza jina langu."

"Andika lako la kweli. Baadaye kitauliza anwani ya barua pepe. Majibu yatakuja huko."

Siku chache nyuma Yesha alikuwa amemfungulia Magreth anwani kule kafe. Magreth aliiandika. Chombo kiliuliza pia kama yeye ni mzoefu au mgeni. Yesha alimwambia achague mgeni, ili kimwongoze hatua kwa hatua. Majibu yote yakahifadhiwa.

"Sasa andika reportbug na jina la programu ya kadi," Yesha alisema.

Ikaja orodha ya kasoro ambazo watu wengine walikuwa wameshazitaja.

"Soma kwanza. Kama yupo aliyesema ya kwako, unaongeza maneno chini ya taarifa yake. Hufungui mpya."

Walisoma pamoja. Hakukuwa na ya ritifaa. Wakaendelea. Chombo kiliuliza uzito wa kasoro.

"Weka kubwa kuliko zote!" Ignas alisema. "Mtu amefiwa, jina limekatwa."

"Uchungu wake ni mkubwa, kweli," Yesha alijibu. "Lakini ule uzito wa juu ni wa programu inayoharibu kompyuta au kupoteza kazi za watu. Tukitia chumvi, hawatatuamini siku nyingine. Weka ya kawaida, halafu eleza vizuri."

"Nielezeje? Kiingereza changu ni cha kidato cha nne," Magreth alisema.

"Kinatosha. Sema ulifanya nini, ulitegemea nini, na kilitokea nini. Basi. Toleo la programu chombo kitalijaza chenyewe."

Magreth alianza kuandika jina la marehemu. Yesha akamzuia.

"Taarifa hizi zinasomwa na dunia nzima. Usiweke jina la mteja. Tumia ng'ombe."

Magreth akaandika: Niliandika ng'ombe. Nilitegemea karatasi ionyeshe ng'ombe. Ikatoka ng. Alisoma tena, kisha akatuma.

Wiki zikapita. Kila asubuhi Magreth alikwenda kafe kufungua barua pepe. Hakukuwa na kitu.

"Si nilisema?" Ignas alinung'unika. "Hawajali."

Yesha alifungua ukurasa wa kasoro za ile programu. Taarifa ya Magreth ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na swali.

"Dada Magreth, mtu alikujibu zamani! Anakusubiri wewe." Akasogea karibu na kioo. "Hebu tazama anwani yako. Umeandika magret. Herufi ya mwisho haipo. Barua zako zinapotea njiani."

Magreth alishika kichwa, kisha akacheka. Alirudi dukani, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika ile amri ya kutayarisha bila kukumbushwa. Anwani aliisoma kwa sauti, herufi moja moja, kabla ya kubonyeza enta.

Swali la mtengenezaji lilikuwa hivi: ritifaa mliyotumia imenyooka (') au imepinda (’)?

Ignas aliinuka kwenye kiti. "Hilo ni swali la fundi," alisema. "Kiwandani uzi ukikatika, hubadilishi vitu vyote mara moja. Unabadilisha kimoja, unatazama. Sogea kidogo."

Akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Aliandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka aliyoinakili kutoka kwenye swali, akachapa. Neno likatoka zima! Akaandika neno tena kwa kibodi kama kawaida, ritifaa ikajipinda, akachapa. Likakatika.

"Kumbe!" Magreth alisema. "Programu yenyewe inaipinda ninapoandika."

Walituma jibu. Kwa muda, Magreth akawa anainyoosha kila ritifaa kwa mkono, na kazi za wateja zikatoka salama. Pia waliweka desturi mpya: kadi moja inachapwa kwanza, mteja anaisoma, ndipo zifuate nyingine.

Kabla ya masika barua pepe ilifika. Kasoro imerekebishwa, toleo jipya liko tayari, tafadhali lijaribuni. Yesha aliwasaidia kuliweka. Ignas akaandika maneno mengi kadiri alivyoweza kukumbuka: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ata, kung'ara. Akachapa. Yote yalitoka mazima, na ritifaa zake zimepinda vizuri.

"Waambie," Magreth alisema.

"Niwaambie mimi?"

"Wewe ndiye uliyejaribu."

Ignas akaandika kwa Kiingereza kifupi: Tumejaribu. Imepona. Asanteni. Magreth na Ignas, Morogoro.

Siku chache baadaye ujumbe mwingine ukaonekana chini ya wake. Aliyeuandika alikuwa mwanamke wa nchi ya mbali, mchapaji wa kadi kama wao. Majina ya kwao pia yalikuwa na ritifaa. Aliandika kwamba kwa muda mrefu alidhani mashine yake ni mbovu, na alikuwa karibu kuitupa. Sasa inafanya kazi. Aliwashukuru wale watu wa Morogoro.

Ignas aliusoma mara mbili. Kisha akatoka mlangoni, akamwita Yesha kwa sauti aje naye ausome.