Sauti Isiyo na Kufuli

Posta ya Thika siku ya Jumatatu, mvua ikinyesha, ni mahali pa kumjaribu hata mtakatifu. Laini za simu za nusu ya mji zilikuwa zimekufa, maana nyaya za chini zilikunywa maji kila masika, na kila mwenye biashara alikuja kulalamika. Watu walisukumana, miamvuli ikawachuruzikia wenzao viatuni, na mama mmoja akamtukana karani kwa Kikuyu kisha kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa. Ndipo Zaid, fundi wa mitambo ya simu, akatoka mlango wa nyuma na koti lake la buluu, bisibisi mfukoni, akamkanyaga msichana mguu.

Msichana alivaa gauni la manjano lenye mkanda mweusi, na viatu vyake vilikuwa vyeupe mpaka dakika ile.

"Simu yetu mliua," alisema, "sasa mmekuja kuniua mimi."

"Pole, dada. Ni ofisi gani hiyo?"

"Ya malori, kule karibu na stesheni. Tumekaa bubu tangu mvua ianze."

"Nitakuja kuitengeneza mwenyewe."

"Mnasemanga hivyo tangu Pasaka."

"Hao walikuwa wengine. Hawakuwa wameona hivyo viatu."

Alikwenda jioni hiyo hiyo, na hakutengeneza kitu, kwa sababu waya ulikuwa umeoza. Akarudi kesho yake kuangalia kama umeendelea kuoza. Safari ya tatu hakubeba hata bisibisi, na Ngendo, ndilo jina la msichana, alikuwa ameshamwekea chai. Mapenzi yao yalianza hivyo, bila hotuba.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na saba, na simu ya mkononi ilikuwa mali ya matajiri. Tajiri wa Ngendo, Bwana Wainaina mwenye malori, alikuwa nayo, nzito, yenye mkonga wa kuvuta. Lakini mtu alimwambia kitu hicho huchemsha ubongo, basi akakiacha juu ya meza ya karani wake akaenda zake na malori. Kila saa ya chakula Ngendo alikipiga hadi chumba cha mitambo, na Zaid akapokea kabla simu ya huko haijalia mara ya pili.

Na simu ndiyo iliyobaki, kwa kweli. Babake Ngendo, Mzee Zacharia, alikuwa mzee wa kanisa pale mtaa wa Landless. Aliposikia binti yake anaonekana na kijana wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo, hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba siku atakapoonekana naye tena, ahamishe nguo zake. Ngendo hakuwa tayari kumpoteza babake, wala Zaid, basi akawaweka wote wawili, mmoja nyumbani na mwingine sikioni. Aliyejua mambo yao ni kaka yake mmoja tu, Kang'ethe, mfanyakazi wa kiwanda cha rangi, aliyecheka akasema shemeji ni shemeji hata akisali Ijumaa.

Mwezi wa sita Zaid akaitwa kwenye kamati. Serikali ilitaka sera ya taifa ya kulinda mitandao mipya ya simu zisizo na waya, ile itakayokuja badala ya hii ya sasa, na wajumbe walikutana katika hoteli moja ya Thika. Wakubwa walikuwa wengi, mafundi wa simu wawili tu, Zaid akiwa mmoja wao. Waliapishwa kutunza siri, mkono juu, na mama yake Zaid alipopata habari alipika pilau.

Siku ya pili injinia mmoja aitwaye Tobias aliweka mezani redio yenye mlingoti mrefu, akazungusha kidude chake taratibu. Redio ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikatoka safi kabisa, akiagiza saruji. Akazungusha tena, wakamsikia mchungaji akimkaripia mkewe. Wajumbe wakacheka. Tobias akaeleza kwamba simu za sasa huitupa sauti hewani ilivyo, na mwenye redio ya namna hii anaisikia, na redio zenyewe zinauzwa madukani. Mtandao mpya unaweza kuifunga sauti kama mlango unavyofungwa kwa kufuli, lakini kampuni zitafanya hivyo endapo tu sera itazilazimisha. Akakizungusha kidude mara ya mwisho.

"Nipatie fundi wangu," sauti ya Ngendo ilisema. "Ako mkutano? Aki jameni. Basi mwambie nimepiga, na nimemmis. Hilo la pili umwambie polepole."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti akauliza ni fundi gani huyo mwenye bahati, na Zaid akacheka pamoja nao, shati limemganda mgongoni. Halafu mwenyekiti akawa mkali. Jambo hili lisitoke nje, alisema. Wateja wakijua watazirudisha simu, na mtandao mpya utakosa wa kuuanzisha. Ikaandikwa kwamba wananchi wataarifiwa mtandao mpya utakapokuwa tayari. Wanaokubali wainue mikono. Zaid aliinua wake.

Mtu atasema, si angemwambia tu mpenzi wake? Angeweza. Jumamosi moja walikutana kwa siri Gitothua, kule Ruiru, nyumbani kwa tata yake Ngendo, shangazi aliyekuwa na moyo mwepesi kuliko wa ndugu yake Zacharia. Ngendo alikuwa na sketi ya buluu na sweta jeupe, akimmenyea Zaid chungwa huku akimsimulia jinsi wiki inavyokuwa ndefu nyumbani. Kama si ile saa ya chakula, alisema, angekuwa ashapata wazimu. Zaid maneno yalikuwa kwenye ulimi kabisa. Akayameza. Alichosema ni kwamba labda wapunguze maneno kwa simu.

Ngendo aliacha kumenya. "Umechoka na mimi?"

"Hapana, mrembo. Nasema tu tuwe waangalifu."

"Kwani nani anatusikia? Ni wewe na mimi."

Hapo mwanamume mzima aliomba kipande kingine cha chungwa. Ngendo akaamua Zaid amepata mwingine, pengine msichana wa Majengo mwenye dini yake, na simu ya chumba cha mitambo ikanyamaza saa ya chakula. Zaid alikonda. Mwishowe yeye ndiye aliyepiga, akaomba msamaha, akasema aongee atakavyo, azungumze mpaka betri ife. Ngendo akacheka akilia. Na Zaid, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Kisha kiwanda cha rangi kikagoma. Moshi wa mle ndani ulikuwa umewaharibu vijana vifua, Kang'ethe mwenyewe alipata pumu akiwa hapo, na walichodai ni vifuniko vya mdomo na madirisha. Mwenye kiwanda aliita polisi, na jina la Kang'ethe ndilo lililotangulia, kwa kuwa ndiye aliyesimama juu ya pipa kuongea. Akatoweka. Mzee Zacharia hakujua aliko mwanawe, na hakutaka kujua, ili akiulizwa asiape uongo.

Ngendo alipiga saa ya chakula. Zaid alikuwa ametoroka hotelini mbio kuja kuipokea, kama alivyofanya siku za vikao tangu wapatane.

"Zaid, Kang'ethe ameamka vibaya. Ako kwa tata, Gitothua, kile chumba cha nyuma. Ile dawa yake ya kuvuta imeisha, na mimi nikitoka hapa polisi watanifuata. Si umpelekee?"

Maneno yalikuwa yameshatoka, yako hewani, na hakuna mkono wa kuyarudisha.

"Nitapeleka," alisema.

Alinunua dawa, akapita hotelini kuomba ruhusa. Mwenyekiti akamwambia akae: mchana huo walikuwa wanaamua kile kifungu cha kufuli, makampuni yalikuwa yameleta wakili wa kukipinga, na bila fundi wa simu kusema inawezekana, kifungu kingekufa. Zaid alitazama mlango. Akajiambia ni muda mfupi tu, na watu wangapi watalindwa, na huenda hakuna aliyekuwa akisikiliza. Akakaa, dawa iko mfukoni, akasema aliyotakiwa kusema. Kifungu kikapita. Kila mtandao mpya utakaoingia nchini sharti ufunge sauti ya mteja. Walipiga makofi.

Alipofika Gitothua, mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umelala chini. Tata alikaa kwenye ngazi, kitambaa kimemtoka kichwani, akimwelekeza kwa kidole barabara waliyoelekea wanaume waliovaa kiraia. Zaid alikimbia hadi kituo cha polisi, akawabembeleza wampe mfungwa dawa yake, wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo. Kesho yake walikubali kwamba yupo. Alikuwa ameshakufa, kifua kimembana akiwa amelala sakafuni.

Hesabu ya waliojua ilikuwa fupi: tata, Ngendo na Zaid. Na Zaid alikuwa mtu wa simu za serikali. Ngendo alimpigia mara moja, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, akakata. Zaid hakuruhusiwa kufika mazishini. Alisimama upande wa pili wa barabara akaona jeneza likipita, na Ngendo nyuma yake akitembea peke yake, hakuna aliyemshika mkono. Maana nyumbani mzigo wote ulitupwa juu yake: ni yeye aliyempa mtu wa Majengo siri ya ndugu yake. Mamake alimwambia mdomo wake umeua. Mzee Zacharia akaacha kula meza moja naye. Ngendo akabeba nguo zake akaenda kwa tata.

Zaid alikuwa na dawa ya uchungu huo, na dawa yenyewe ni sumu. Ili kuonyesha kwamba hakumuuza Kang'ethe, ilimbidi aseme simu ile husikika. Na akisema husikika, lazima Ngendo aulize alijua lini. Alizunguka na jambo hilo Thika nzima, hali, hasemi. Hatimaye akamwomba Tobias ile redio, bila kueleza, akaenda Gitothua mchana kweupe.

Ngendo alikuwa uani akianika nguo, amevaa nyeusi tupu, kichwa kimenyolewa. Alimwambia aondoke. Zaid aliweka redio juu ya jiwe la kufulia, akavuta mlingoti, akazungusha. Sauti ya mwanamke ikatoka, ikimwambia mtu amlete mtoto kliniki. Kisha mwanamume na mwenzake, wakicheka mambo ya shamba la Juja.

"Hao ni nani?" Ngendo aliuliza.

"Siwajui. Ni watu wanaongea kwa simu kama ya Wainaina. Mwenye redio hii, hata polisi, anasikia kila mtu."

Ngendo alikaa chini pale pale, nguo ya maji mapajani. Halafu akaanza kulia, kilio ambacho hakuwa amelia hata kaburini, akamkumbatia Zaid shingoni kwa mikono yote miwili.

"Kumbe si wewe. Nilimwambia mama, si Zaid, hawezi. Nilimwambia, halafu nikaacha kuamini." Akajipangusa. "Twende kwa baba sasa hivi. Asikie. Na akinikataa, unioe tu, nimechoka kuogopa."

Maneno hayo Zaid alikuwa ameyangoja tangu siku ya viatu. Alitamani wakati usimame.

"Ulijua lini?" Ngendo aliuliza. Aliuliza hivi hivi, akitafuta kitambaa chake.

Hapo angeweza kusema jana. Nani angemkanusha? Angeweza pia kusema kiapo, na kiapo ni kitu cha kweli, mtu hufungwa kwa kukivunja.

"Mwezi wa sita," alisema. "Walifungua redio mbele yetu wote. Nilikusikia wewe."

"Na hukuniambia kwa sababu ya kazi?"

"Kazi pia. Lakini si hiyo. Ungeacha kupiga, Ngendo. Nami sikuwa na kingine chako."

Aliyaondoa mabega yake mikononi mwa Zaid, polepole. "Mimi nilisema nyumba aliyojificha," alisema. "Kila usiku najisikia nikiisema. Na wewe ulikuwa unasikiza ukijua."

"Ndiyo."

"Basi utakuja umwambie baba hivyo hivyo. Usipunguze."

Walifika Landless jua likiwa bado liko juu. Mzee Zacharia alikaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, hakumkaribisha mgeni. Zaid alisema akiwa amesimama. Akataja kamati, redio, kiapo, mkono alioinua, mchana aliokaa kikaoni na dawa mfukoni. Alijua kazi imekwisha, na pengine zaidi ya kazi.

"Binti yangu alijua simu inasikika?" aliuliza mwishoni.

"Hakujua. Mimi ndiye nilijua."

Mzee Zacharia aliinuka kwa shida, akamshika Ngendo mkono. "Ingia, mami," alimwambia. "Ingia ule." Upande wa Zaid hakuutazama tena hata kidogo.

Ngendo hakuingia mara moja. Alimsindikiza Zaid mpaka langoni, maana mgeni husindikizwa hata awe nani.

"Nitakuona?" Zaid aliuliza.

"Hapana." Alishika mti wa lango. "Bado nakupenda, hiyo ndiyo shida. Lakini kila ukinyamaza, Zaid, nitakuwa najiuliza unajua nini."

Akarudi ndani kula na babake. Zaid alisimama pale nje mpaka jirani mmoja akamuuliza anamtafuta nani, naye akasema hamtafuti mtu.