Kilichotua Kwangu

Jua lilipoanza kuzama juu ya mtaa wa Imbaba, Bayumi alipanda mnara wake wa mbao kule juu ya paa, kuwaita njiwa wake walale. Kitambi kilifika juu kwanza, mwenyewe akafuata akihema. Akapunga bendera nyekundu, akapiga mluzi. Njiwa wakashuka.

Na kunguru mmoja katikati yao.

Akaingia bandani kwa adabu, kama aliyealikwa.

"Inshirah! Njoo uone, tumepata mgeni!"

Mkewe alikuwa akianua nguo pale chini ya mnara. "Mwachilie, Bayumi. Huyo ana wenyewe."

"We nawe! Sheria ya wafuga njiwa Kairo nzima ni moja. Kilichotua kwangu ni changu."

Akacheka. Akamng'oa kunguru manyoya ya mbawa, kama wafanyiwavyo njiwa wa jirani wakinaswa: asiweze kuruka kurudi kwao, na hadi yaote mengine, awe ameshasahau kwao ni wapi.

Kunguru akainamisha kichwa upande. Alimtazama tu.

Jioni iliyofuata, paa la ng'ambo ya kichochoro lilikuwa na mtu. Nyumba ile ngazi zake zilianguka zamani. Hapandi hata paka. Mzee, kanzu nyeusi, kizibao cha kijivu. Upepo ukaleta harufu ya manyoya yaliyolowa...

"Bwana," alinong'ona, na mnong'ono ukavuka kichochoro kizima. "Nirudishie binti yangu aliyetua bandani kwako."

Bayumi akajaribu utani, silaha yake pekee. "Mzee wangu, kwani sheria huijui?"

"Naijua. Kilichotua kwangu, changu."

Akapiga mluzi.

Mluzi wa Bayumi. Uleule.

Inshirah, aliyekuwa akianua nguo, akadondosha shuka. Akaanza kutembea kuelekea ukingoni, taratibu, kichwa kimeinama upande.

"Inshirah! We mwanamke, simama!"

Bayumi akamkwapua kunguru bandani, akamrusha hewani kwa nguvu zote. Ndege akaanguka puu! miguuni pake. Manyoya hana. Na aliyeyang'oa ni nani?

Alipoinua macho, ukingoni palibaki ndala tu. Majirani walitafuta kichochoroni kwa taa. Hakuna mtu. Hakuna hata tone la damu.

Tangu hapo Bayumi alimlisha kunguru kwa mkono wake mwenyewe: mayai, ini, maharage. Alimbembeleza. "Ota, mwanangu. Ota upesi, unisamehe." Na kila magharibi kunguru walijaa paa la ng'ambo, na katikati yao Inshirah, amechutama, mikono ameibana mbavuni. Majirani hawakumwona. Walimwona Bayumi tu, akilia, wakampa pole.

Manyoya yakaota. Jioni moja akamrusha.

Kunguru akapaa! Akazunguka juu ya Imbaba mara moja, akazunguka tena...

Akarudi.

Akatua begani kwa Bayumi, akamsugua shavu kwa mdomo wake, kama mtoto aliyefika nyumbani.

"Nenda kwenu," Bayumi alinong'ona. "Nakuomba. Nenda kwenu."

Ng'ambo, Inshirah alisimama. Bayumi akanyakua bendera, akaipunga hadi bega likamuuma, akapiga mluzi hadi midomo ikamkauka. Mkewe akamtazama, kichwa upande, jinsi njiwa anavyotazama bendera ya mtu asiyemjua.

Kisha ukasikika mluzi mwingine, nyuma ya Inshirah, gizani.

Inshirah akageuka. Akaingia humo pamoja na kunguru wenzake.