Nyuki wa Babu na Kamera ya Dada Regina

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ulimi. Nilikuwa nimeinama bustanini nikichuma majani ya maboga, kama nilivyofanya kila Jumamosi baada ya kuteka maji. Ndani ya ua moja la boga alikuwamo nyuki amelala chali. Ulimi wake ulikuwa umetoka nje, mwembamba kama uzi wa kahawia. Nikatazama ua la pili. Walikuwamo wawili. Nilipofunua majani ya chini, niliacha kuhesabu.

Nilijua wameuawa na nini. Alhamisi baba yangu alipanda lori la kabichi kwenda Dar es Salaam, akaniachia kazi moja. "Modesta, kabichi zipigwe dawa leo jioni, nyuki wakisharudi kwao. Asubuhi usithubutu." Lakini jioni ile nilikwenda chumbani kwa Dada Regina kutazama picha mpaka giza likaingia. Ijumaa alfajiri, kabla ya kwenda shule, nikabeba bomba la dawa mgongoni. Nilijifariji kwa maneno ya Stambuli, mwenye duka: "Pigeni asubuhi, umande unashika dawa." Upepo wa mlimani ukaichukua dawa na kuimwaga kwenye maua ya maboga.

Dada Regina alikuwa mtaalamu wa wadudu kutoka chuo cha kilimo mjini Morogoro. Alikuwa amepanga chumba kwa Babu yangu, Mzee Agustino, ili apige picha za wadudu wa bustani zetu za Mgeta. Kila asubuhi, wadudu wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, alilala kifudifudi kwenye matope, lenzi ikikaribia kugusa ua, huku amezuia pumzi. Watu walimcheka. Mimi aliniruhusu nichungulie, nikaona kuwa jicho la nyuki lina vinyweleo, na kwamba miguuni hubeba chavua kama mama aliyejaza vikapu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Babu aliposhuka kutoka ukingo wa msitu, ambako alitundika mizinga yake sita. Kofia yake ilikuwa mkononi, imejaa nyuki waliokufa.

"Mizinga minne iko kimya," alisema.

Nilivuta jani la boga, nikalifunika lile ua.

Ilipofika saa nne uwanja wetu ulijaa majirani. Stambuli ndiye aliyetangulia kusema. Zamani dawa ilitoka duka la ushirika, na bwana shamba alikuja kutuonyesha namna ya kuipima. Siku hizi biashara ilikuwa huria. Stambuli aliiuza kwenye chupa za soda, bila karatasi yoyote ya maelezo.

"Nyuki hawa walikuwapo tangu enzi za wazee wetu," alisema. "Amekuja huyu na taa ya kamera yake ya kuwamulika usoni, wamekufa. Kuna la kuuliza hapo?"

"Kamera haiui nyuki," Dada Regina alijibu. "Hawa wamekula sumu. Tazameni ndimi zao zilivyotoka nje."

"Mpaka ndimi za nyuki anazijua," mama mmoja akadakia. "Mume hana, kutwa anachungulia nzi."

Watu wakacheka. Binamu yangu Baraka akanipiga kikumbo. "Wewe si msaidizi wake? Waambie nyuki wakae vizuri, muwapige picha za pasipoti."

Nilimsukuma akaangukia tuta la vitunguu. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilimchukia Baraka, nikamchukia yule mama na kicheko chake, nikamchukia Stambuli na chupa zake. Hata Dada Regina alinikasirisha. Kwa nini alisimama tu akijifuta matope kwenye viwiko, kama mtu aliyekosa?

Majirani wakaamua. Dada Regina ataondoka kwa lori la kesho asubuhi, na filamu yake itaharibiwa asije akaenda kutuaibisha mjini.

"Nitaondoka," alisema Dada Regina, akiikumbatia kamera. "Lakini filamu msiiguse. Ni kazi ya mwezi mzima. Jana nilipiga picha maua haya haya yakiwa na matone ya dawa. Picha zikisafishwa mtaona wenyewe."

"Mpaka zisafishwe, wewe umeshatoroka," alisema Stambuli, akamnyang'anya kamera. Kidole gumba chake kikatafuta kifungio cha nyuma. Dada Regina alikuwa amenifundisha: kifuniko kile kikifunguliwa, mwanga huingia na picha zote hupotea.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu haikuwa na desturi ya kufika mbali. Nikamshika Stambuli mkono, mimi ambaye hata shikamoo humtolea nikitazama chini.

"Ni mimi niliyepiga dawa, Ijumaa asubuhi. Baba alinikataza."

"Anamtetea rafiki yake," alisema Stambuli.

"Bomba liko nyuma ya jiko, bado lina dawa. Na chupa uliyotuuzia ipo hapo hapo, haina karatasi. Wewe ndiye unayetuambia tupige asubuhi, mimi ndiye niliyekusikiliza. Dada Regina anafukuzwa kwa kosa langu na lako."

Baraka akaenda nyuma ya jiko, akarudi na ile chupa, safari hii bila utani. Watu wakaipokezana.

"Stambuli," alisema Babu, "rudisha mali ya mgeni."

Akairudisha.

Babu hakunitazama siku ile nzima. Baba aliporudi Jumapili nilimweleza mwenyewe, neno kwa neno. Aliliondoa bomba nyuma ya jiko na kulifungia stoo. "Umenivunjia agizo, na hilo nitakuadhibu," alisema. "Lakini sumu si kazi ya mtoto. Kukupa bomba lilikuwa kosa langu."

Adhabu yangu ilikuwa kumsaidia Babu kusafisha mizinga mpaka amalize. Baada ya wiki mbili picha zilirudi kutoka mjini. Moja, kubwa kama kalenda, ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji: nyuki ndani ya ua la boga, na tone la dawa mbele ya uso wake. Yule mama aliyemcheka Dada Regina ndiye aliyekaa mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko wote. Bwana shamba akaitwa, kikao kikafanyika. Tukakubaliana kwamba dawa itapigwa jioni tu, na watu wazima, na kwamba Stambuli hatauza tena chochote kisicho na maelezo yake. Alinung'unika, lakini alitia saini. Dada Regina alibaki mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya mwisho ya adhabu, mimi na Babu tulikuwa tukipaka nta ndani ya mzinga mtupu ili kundi jipya livutwe na harufu.

"Ulikuwa na hasira sana siku ile," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Mtu akificha kosa moyoni, humkasirikia kila anayepita. Nyuki waliokufa hawarudi, mjukuu wangu. Lakini ungenyamaza, angefukuzwa asiye na kosa, na kesho yake tungepiga dawa asubuhi tena. Kusema kweli hakufuti kosa. Kunalizuia lisizae."

Nilisugua nta mpaka vidole vikauma. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia Baba, wala Dada Regina, wala padri. Nikaiweka nta chini.

"Babu," nilisema, "Stambuli alipoishika ile kamera, kwanza nilitamani aifungue, picha zipotee."